Uzi: Tishu za mwili, jinsi ya kuzitambua kwenye slaidi na sababu za kinyama kuharibika kabla ya kufika maabara

#1 Mikroni5

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni kwa wanafunzi wa tiba, uuguzi na maabara, na kwa kila mtu ambaye kazi yake ni kukata, kusafirisha au kupokea kinyama cha mgonjwa, yaani kipande cha tishu kinachokatwa ili kipimwe. Aina za tishu ni nne: epithelia, tishu unganishi, misuli na neva. Hilo kila mmoja amelikariri. Linalowashinda wengi ni kuweka slaidi isiyo na jina chini ya hadubini na kusema ni tishu gani, kisha kutoa sababu.

Kosa la kwanza ni kutambua tishu kwa rangi. Tishu kwenye slaidi hupakwa rangi mbili. Hematoksilini hushika asidi zilizo ndani ya kiini cha seli na kukifanya cha buluu-zambarau. Eosini hushika protini na kuzifanya pinki. Sasa mwili mzima umejaa protini: misuli pinki, kolajeni pinki, neva pinki, chembe nyekundu za damu pinki. Ukitegemea rangi utabahatisha hadi mtihani uishe. Kinachosema ukweli ni mpangilio.

Anza na lenzi ya 4 (inayokuza mara 4), usikimbilie ya 40. Kwanza tafuta ukingo. Kuna upande unaotazama nafasi tupu, yaani nje ya mwili au ndani ya mrija? Kama upo, tazama seli zilizoupanga ukingo huo. Zikiwa zimebanana bila kitu katikati yake, na kwa chini zimekalia utando wa msingi, hiyo ni epithelia. Ukishuka chini ya utando huo ukakuta seli zimetawanyika na nafasi kubwa kati yake imejaa nyuzi au ute, umeingia tishu unganishi. Seli ndefu zilizolala sambamba, zenye saitoplazimu (ute wa ndani ya seli) nyingi, ni misuli. Neva nitaiacha mwishoni kwa sababu inahitaji maelezo yake.

Alama nyingine ya kuaminika ni mishipa ya damu. Epithelia haina kapilari ndani yake, inalishwa kwa chakula kinachopenyeza kutoka tishu unganishi iliyo chini. Ipo sehemu moja ndogo kwenye sikio la ndani inayovunja kanuni hii, lakini kwa slaidi za kila siku ukiona kapilari katikati ya unachokiita epithelia, rudi uangalie upya.

Na rula unayo bure: chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikroni 7 hadi 8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Itafute kwenye mshipa wowote wa karibu, halafu pima seli yako kwa kuilinganisha nayo.

#2 MwanafunziCO

Mkuu asante sana. Mimi nakwama kwenye majina ya epithelia. Tabaka moja, tabaka nyingi, bapa, mchemraba, nguzo, halafu kuna ile inayoonekana nyingi kumbe moja. Nitazijuaje bila kuhesabu kila seli?

#3 Mama Slaidi

Mdogo wangu, jina lina sehemu mbili tu: idadi ya tabaka na umbo la seli. Siri iko kwenye umbo: soma seli za juu kabisa, usisome za chini. Ngozi ina seli za chini zinazofanana na mchemraba, lakini za juu ni bapa, kwa hiyo inaitwa tabaka nyingi bapa. Wanaosoma kuanzia chini ndio wanaokosa swali hili.

Tabaka moja bapa utaiona kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na ndani ya mishipa yote ya damu. Kazi yake ni kupitisha, ndiyo maana ni nyembamba kiasi hicho. Mchemraba tabaka moja: mirija ya figo na tezi ya shingo, yaani thairoidi. Nguzo tabaka moja: tumbo, utumbo na kifuko cha nyongo. Tabaka nyingi bapa yenye keratini, ile protini ngumu ya juu, ni ngozi. Isiyo na keratini ni mdomo, umio, uke na sehemu ya nje ya mlango wa kizazi. Mahali penye msuguano panahitaji tabaka nyingi, mahali pa kufyonza au kupitisha panahitaji moja. Ukishika sababu hiyo, orodha inajipanga yenyewe.

Ile inayodanganya ni ya njia ya hewa. Viini vimekaa kwenye vimo tofauti, kwa hiyo jicho linaona tabaka tatu, lakini kila seli imegusa utando wa msingi. Dalili zake ni vinyweleo vya juu na seli za ute zilizo tupu kama vikombe. Ya kibofu cha mkojo ina seli za juu kubwa zenye mgongo kama mwavuli, nyingine zina viini viwili. Kibofu kikijaa, seli hizo hulala na tabaka huonekana chache.

Angalizo moja: kinyama kikikatwa kimshazari, tabaka moja huonekana kama tabaka tano. Kabla ya kuandika "tabaka nyingi", tafuta sehemu ya slaidi ambapo utando wa msingi umekatwa wima. Ukikosa sehemu hiyo, andika kwamba mkato ni wa mshazari. Kusema ukweli huo kuna thamani kuliko kubuni jina.

#4 MwanafunziCO

Nimeelewa, dada. Na je, epithelia moja inaweza kugeuka nyingine?

#5 Mama Slaidi

Inaweza, na hapa ndipo somo la tishu linapogusa wagonjwa wetu moja kwa moja. Seli zinazosumbuliwa kwa muda mrefu huacha umbo lao na kutengeneza linalovumilia zaidi. Njia ya hewa ya mvuta sigara huacha vinyweleo na kuwa bapa. Sehemu ya chini ya umio inayounguzwa na asidi ya tumbo hufanya kinyume, bapa inakuwa nguzo.

Kwa watu wa Unguja, Pemba na mwambao, mfano wa kukumbuka ni kichocho cha mkojo. Mayai ya mnyoo wake, *Schistosoma haematobium*, hukwama kwenye ukuta wa kibofu, uvimbe unadumu miaka, na epithelia ya kibofu hugeuka kuwa bapa. Ndiyo maana saratani ya kibofu inayotokana na kichocho mara nyingi ni ya seli bapa, wakati kwenye maeneo yasiyo na kichocho saratani nyingi za kibofu ni za epithelia ya kibofu yenyewe. Mtu anayekojoa damu asiambiwe tu "ni ya kawaida huku kwetu".

Mfano wa pili ni mlango wa kizazi. Pale bapa ya nje inapokutana na nguzo ya ndani kuna mstari, na eneo linalobadilika kuzunguka mstari huo ndilo kirusi cha HPV, kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, hulipenda. Uchunguzi wa siki unalenga hapo hapo: asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, inapakwa, unasubiri dakika moja kamili, kisha unatazama kama kuna eneo jeupe lenye ukingo dhahiri linalogusa mstari. Wanaoharakisha na kusoma baada ya sekunde 20 hukosa weupe unaochelewa. Na kwa mama aliyekoma hedhi, mstari mara nyingi umeingia ndani ya mfereji, hauonekani. Kama huoni mstari wote, huna haki ya kuandika "hakuna tatizo". Mpeleke kwa kipimo kingine.

Epithelia pia hujitengeneza upya haraka. Ya utumbo mdogo hubadilika yote kwa siku 3 hadi 5, ya ngozi huchukua takriban mwezi. Dawa za saratani hulenga seli zinazogawanyika, kwa hiyo mgonjwa hupata vidonda mdomoni na kuhara. Hizo dawa zimegonga tishu yenye kasi.

#6 Nyuzi za Kolajeni

Naomba nibebe tishu unganishi, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi na ndiyo iliyo nyingi.

Usiitambue kwa seli zake, itambue kwa kilichopo *kati* ya seli. Fibroblasti ni chache, lakini zinafuma nyuzi na kumwaga ute unaoshika maji. Nyuzi zikiwa legelege na ute mwingi, hiyo ndiyo iliyo chini ya epithelia nyingi. Zikibanana na kulala upande mmoja, ni kano inayofunga msuli kwenye mfupa. Zikibanana lakini zimeelekea kila upande, ni tabaka la ndani la ngozi. Kano huvumilia kuvutwa upande mmoja, ngozi huvutwa pande zote. Mpangilio wa nyuzi unakuambia kazi.

Kolajeni ndiyo protini kuu ya nyuzi hizo, nayo ina aina. Ya I iko kwenye mfupa, kano na ngozi. Ya II kwenye gegedu. Ya III ndiyo nyavu nyembamba za wengu na tezi za limfu, na ndiyo inayotangulia kwenye kidonda kibichi kabla ya kubadilishwa na aina ya I. Ya IV iko kwenye utando wa msingi. Bila vitamini C mwili hauwezi kuzikamilisha kemikali za kolajeni ili nyuzi zishikamane, na hapo kiseyeye kinakuja: fizi zinavuja damu, vidonda havifungi, hata kovu la zamani linaweza kufunguka, kwa sababu kolajeni ya kovu inabomolewa na kujengwa kila siku.

Kovu la keloidi nalo ni suala la tishu hii. Kovu la kawaida lililonenepa hubaki ndani ya mipaka ya kidonda. Keloidi huvuka mipaka na kuingia ngozi nzima iliyo jirani, na kwenye hadubini utaona mafungu manene ya kolajeni, pinki iliyoiva, yanayong'aa kama kioo. Kuikata peke yake bila tiba nyingine mara nyingi huirudisha, tena kubwa zaidi, kwa kuwa unatengeneza kidonda kipya kwa mtu yule yule mwenye fibroblasti zile zile. Watu wenye asili ya Afrika tunaipata zaidi, kwa hiyo muulize mgonjwa kuhusu makovu yake kabla ya kushika kisu.

Gegedu haina mishipa ya damu wala neva. Seli zake zimejifungia kwenye vishimo, peke yake au mbili mbili. Ya kawaida inafunika ncha za mifupa na pete za koo la hewa. Ya kunepa iko sikioni. Yenye nyuzi nyingi iko kwenye diski za uti wa mgongo. Kukosa damu ndiko kunakofanya goti lililosagika lisipone kama mfupa uliovunjika. Mfupa una damu nyingi, gegedu haina.

#7 Kijana wa Bayolojia

Wakuu, damu inaitwaje tishu unganishi wakati haina nyuzi? Mwalimu anasema tukubali tu.

#8 Nyuzi za Kolajeni

Usikubali bila sababu, kijana. Plazima ndiyo kile kilichopo kati ya seli, ila ni cha maji. Na nyuzi zipo, zimeyeyuka: fibrinojeni inaelea humo hadi mshipa ukatike, ndipo inageuka kuwa nyuzi za fibrini na damu kuganda. Tena seli zake zinazaliwa kwenye uboho wa mfupa, zikitokana na tabaka la kati la kiinitete kama jamaa zake mfupa, gegedu na mafuta. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uboho haulali.

Tishu ya limfu iko kwenye ukoo huu pia, na ina historia ya hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya unaokua kwa kasi kwa watoto. Ulikuja kujulikana kuwa ni saratani ya limfosaiti B, aina ya chembe nyeupe za damu. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Kwenye lenzi ya 10 unaonekana kama anga la usiku lenye nyota: uwanja mweusi wa limfosaiti zilizobanana, na katikati makrofaji zilizo nyeupe zinazokula seli zilizokufa. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto mwenye taya linalovimba namna hiyo asipewe antibayotiki za wiki mbili akaambiwa arudi.

#9 Mikroni5

Hapo #8 pamekaa vizuri. Sasa niongeze mtego unaoangusha hata waliokwisha kufuzu: misuli laini, kolajeni iliyobanana na neva ya pembeni. Zote ni pinki, zote zina viini virefu, zote zimelala sambamba.

Tazama viini. Vya misuli laini ni kama sigara, ncha butu, na viko *ndani* ya saitoplazimu ya pinki. Msuli ukiwa umejikunja, viini huzunguka kama skrubu. Vya kolajeni ni vyembamba, vichache, vimebanwa *kati* ya nyuzi, na nyuzi zenyewe zina pinki kali. Vya neva vimepinda kama nyoka anayekimbia, na fungu lote limefungwa na ala yake kama nyaya ndani ya mpira.

Ukishindwa bado, omba rangi maalumu. Kwa Masson, kolajeni ni buluu au kijani na misuli ni nyekundu. Kwa Van Gieson, kolajeni ni nyekundu na misuli ni njano.

Misuli ya mifupa ina mistari ya kukatiza na viini vingi vilivyosukumwa pembeni. Ya moyo ina mistari pia, lakini seli zina matawi, kiini kimoja au viwili katikati, na diski zinazounganisha seli na seli. Msuli wa mfupa una seli za akiba zinazoweza kuukarabati. Wa moyo karibu hauna, kwa hiyo sehemu iliyokufa baada ya mshtuko wa moyo hujazwa kovu. Msuli laini unaweza kukua sana: kizazi chenye gramu 60 hadi 70 hufikia karibu kilo moja ujauzito ukitimia.

#10 Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji

Madaktari, naomba upande wa vitendo. Kinyama kikitoka kwa mgonjwa tunakiweka kwenye chupa tunaambiwa "weka formalini". Kiasi gani? Chupa gani? Na kama formalini imeisha tuweke saline?

#11 Mikroni5

Dada, swali lako ndilo linaloamua kama mgonjwa atapata jibu au atakatwa tena.

Tishu ikitoka mwilini inaanza kujimeng'enya kwa vimeng'enya vyake yenyewe. Epithelia ya utumbo na kongosho hutangulia, ngozi na kano huchelewa. Saline, yaani maji ya chumvi, haizuii hilo hata kidogo, inakiacha kioze kikiwa na maji. Kwa hiyo jibu la swali la mwisho ni hapana, isipokuwa hali ambayo Mama Slaidi ataieleza.

Formalini ya asilimia 10 maana yake ni sehemu 1 ya fomaldehaidi ya dukani, ambayo ni asilimia 37 hadi 40, na sehemu 9 za maji. Iliyo nzuri imewekewa chumvi za kuzuia asidi. Kwa lita 1: fomaldehaidi mililita 100, maji yaliyotoneshwa mililita 900, fosfati ya sodiamu ya haidrojeni mbili (yenye molekuli moja ya maji) gramu 4, na ile ya haidrojeni moja iliyo kavu gramu 6.5. Bila chumvi hizo, formalini inakuwa na asidi na kuacha punje za kahawia-nyeusi kwenye sehemu zenye damu, ambazo msomaji anaweza kudhani ni vimelea vya malaria au rangi nyingine ya ugonjwa.

Wengine hudhani kuweka kali zaidi kunasaidia. Hakusaidii. Fomaldehaidi isiyochanganywa hugandisha nje haraka na kuacha ndani kukioza.

Ujazo uwe mara 10 ya kinyama, ikiwezekana 20. Kinyama cha ukubwa wa yai hakiingii kwenye chupa ya dawa ya mililita 100. Chupa iwe na mdomo mpana: kinyama kibichi ni laini na kinapita kwenye shingo nyembamba, kikishakaa kwenye formalini kinakuwa kigumu na hakitoki bila kuvunjika. Formalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, na mwendo unapungua inavyozidi kwenda ndani. Kwa hiyo titi zima au kizazi kizima kikitumbukizwa bila kupasuliwa, katikati kitaoza huku nje kikionekana kizuri. Mpasuaji au maabara wakipasue vipande vya kama sentimita 1, wakiacha vimeshikana upande mmoja ili mwelekeo usipotee. Kwa titi, muda wa ndani ya formalini uwe kati ya saa 6 na 72, la sivyo vipimo vya vipokezi vya homoni vinaweza kutoa jibu la uongo.

Jina la mgonjwa liandikwe kwenye mwili wa chupa, lisiandikwe kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana mezani. Andika sehemu kilipotoka, upande wa kulia au kushoto, na saa kilipotumbukizwa.

Usikibane kwa koleo lenye meno: seli zilizobanwa huonekana kama wino uliopakwa, na limfosaiti ndizo zinazoumia zaidi. Usikiweke kwenye friza, barafu hutoboa mashimo.

Mvuke wa formalini unasababisha saratani kwa anayeuvuta kwa miaka. Fungua madirisha, vaa glavu, na chupa ifungwe muda wote.

#12 Mama Slaidi

Hali ya saline ni hii, na naomba isomwe na kila anayetoa mitoki, yaani tezi za limfu zilizovimba. Formalini inaua vijidudu. Ukitoa tezi ya limfu ya shingoni ukishuku TB na kuitumbukiza yote kwenye formalini, huwezi tena kuiotesha maabara, na vipimo vya haraka kama GeneXpert vinataka tishu ambayo haijaguswa na formalini. Igawe mara mbili. Nusu formalini kwa hadubini, nusu saline safi isiyo na vijidudu, ipelekwe siku hiyo hiyo ikiwa baridi bila kugandishwa. Chupa mbili, fomu mbili.

Na kama umechoma sindano nyembamba na kupaka kwenye vioo, vioo vitakavyopakwa rangi ya Giemsa vikaushwe hewani, vya rangi ya Papanicolaou vitumbukizwe kwenye alkoholi ya asilimia 95 vikiwa bado na unyevu. Ukichelewa sekunde chache seli huvimba na viini hupoteza undani. Vilivyokaushwa visisafirishwe kwenye boksi moja na chupa ya formalini. Mvuke wake peke yake huharibu rangi ya Giemsa.

#13 Mchana Nta

Nami niseme ya ndani ya maabara, kwa vijana wanaoanza.

Kipande kwenye kaseti (kijisanduku cha plastiki chenye matundu) kisizidi milimita 4 unene, na kisijaze kaseti. Kikipita hapo, alkoholi haitoi maji yote, zailini haitoi alkoholi yote, nta haiingii, na ukifika kwenye mikrotomu (mashine ya kukata) katikati kunachomoka kama ugali mbichi. Mlolongo ni alkoholi ya asilimia 70, 90, kisha 100 mara tatu, zailini mara mbili au tatu, na nta iliyoyeyushwa kwa nyuzi joto 60 hivi mara mbili, kisha inagandishwa kuwa bloku. Mfupa unatolewa chokaa kwanza, *baada* ya formalini na si kabla: asidi ya fomiki asilimia 5 hadi 10, ujazo mara 20, ukibadilisha kila siku. Asidi ya naitriki ina haraka lakini huvifuta viini usipoisimamia. EDTA, kemikali inayovuta chokaa bila asidi kali, ni salama zaidi na huchukua wiki.

Kata unene wa mikroni 3 hadi 5; vipande hutoka vimeshikana kama utepe. Mistari ya wima kwenye utepe ni pengo kwenye wembe, sogeza wembe. Milia minene na myembamba ya kupishana ni wembe au bloku haijakazwa, au tishu imekaushwa kupita kiasi. Vipande vikisinyaa na kubanana kwenye wembe, poza bloku juu ya barafu. Maji ambayo utepe unaelezwa juu yake yawe chini ya joto la kuyeyuka kwa nta kwa nyuzi 5 hadi 10. Nta ya 56 iende maji ya 46 hadi 51. Ya moto zaidi yanasambaratisha seli.

Hapa kuna jambo ambalo halina msamaha. Kati ya bloku na bloku, futa uso wa maji kwa karatasi. Kipande kidogo cha saratani ya mgonjwa wa kwanza kikielea na kutua kwenye slaidi ya wa pili, mtu mzima wa afya anaweza kuondolewa titi. Ukiona kipande kimekaa kwenye kiwango tofauti na tishu nyingine, au kina aina ya tishu isiyotarajiwa, usitoe jibu kabla ya kukata bloku upya.

Kupaka rangi: zailini mara mbili dakika 5 kila moja, alkoholi za kushuka, maji, hematoksilini ya Harris dakika 5 hadi 8, maji, alkoholi yenye asidi asilimia 1 kwa sekunde chache tu, maji ya bomba yanayotiririka dakika 5 hadi viini viwe buluu, eosini dakika 1 hadi 2, alkoholi za kupanda, zailini, gundi na kioo cha juu. Viini vikibaki vyekundu-kahawia, maji yako yana asidi au hukungoja. Vikififia, asidi imekaa mno au hematoksilini imechoka. Slaidi ikigeuka maziwa kwenye zailini, maji bado yamo: irudishe alkoholi ya 100, usiifunike.

#14 Kijana wa Bayolojia

Mbona mafuta yanaonekana matundu matupu tu kama nyavu ya samaki?

#15 Mchana Nta

Kwa sababu alkoholi na zailini zimeyayeyusha. Unachokiona ni ngozi ya seli na kiini kilichosukumwa pembeni. Ukitaka mafuta yenyewe, tishu igandishwe na kukatwa ikiwa barafu, kisha ipakwe Oil Red O. Kwa hiyo maabara iambiwe *kabla* haijaipitisha kwenye nta, baada ya hapo hayarudi.

#16 MwanafunziCO

Wakuu, neva mlisema mwishoni. Tunaomba.

#17 Mikroni5

Ahadi ni deni. Kwenye ubongo na uti wa mgongo, uwanja wa pinki laini unaofanana na pamba ni nyuzi za seli, si nyuzi za kolajeni. Neuroni (seli ya neva) kubwa ina kiini cha mviringo kilichopauka, na ndani yake kiini kidogo cheusi kilichojitokeza kama mboni ya jicho. Kuizunguka kuna punje za buluu kwenye saitoplazimu, viwanda vyake vya protini. Vinukta vingi vilivyotawanyika ni seli za glia, wasaidizi wa neuroni, na hizo ndizo hugawanyika na kuzaa saratani nyingi zinazoanzia ndani ya ubongo wenyewe kwa watu wazima. Neuroni iliyokomaa haigawanyiki.

Mayelini, ala inayoufunika mhimili wa neva (uzi mrefu wa neuroni), sehemu kubwa ni mafuta, kwa hiyo nayo huyeyuka kama mafuta ya #15. Kwenye neva ya pembeni iliyokatwa kwa kukingama utaona viduara vyenye nukta katikati: nukta ni mhimili wa neva, duara jeupe ni mahali mayelini ilipokuwa. Seli za Schwann ndizo zinazoifunga huko, kila moja ikihudumia kipande kimoja cha mhimili mmoja. Kwenye ubongo kazi hiyo ni ya oligodendrosaiti, moja ikihudumia mihimili mingi.

Tofauti hiyo ina maana kwa mgonjwa. Neva ya mkono iliyokatwa na kushonwa vizuri, ala kwa ala, inaweza kuota takriban milimita 1 kwa siku kwenye njia iliyoachwa na seli za Schwann. Kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni kuna kama sentimita 35 au 40, kwa hiyo muambie mgonjwa asubiri mwaka na zaidi, aendelee na mazoezi ili viungo visikakamae, na alinde ngozi isiyohisi dhidi ya moto wa jiko. Ncha zikiachwa mbali, mihimili huota ovyo na kutengeneza donge lenye maumivu makali. Kwenye uti wa mgongo njia hiyo haipo, na kovu la glia huziba.

#18 Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji

Asante, daktari. Swali langu la mwisho: kinyama cha neva nikitume vipi?

#19 Mikroni5

Usikivute na usikiache kijikunje. Kilaze juu ya kipande cha karatasi ngumu au kijiti, kikiwa kimenyooka bila kukazwa, kiache dakika moja au mbili kishike, kisha tumbukiza pamoja na karatasi kwenye formalini. Piga simu maabara kabla ya upasuaji, kwa kuwa vipimo vingine vya neva na msuli vinataka kipande kibichi kilichofungwa kwenye shashi (gozi) yenye unyevu wa saline, ifinywe vizuri isichuruzike, na kifike ndani ya saa moja hivi.